Diski ya mgongo haichomoki, inapasuka

Mtu akiambiwa "diski imetoka", picha inayomjia ni ya kisahani kilichoteleza katikati ya mifupa, na kwamba akipatikana fundi wa kukanda atakirudisha. Haiko hivyo. Diski imeshikamana na pingili ya juu na ya chini yake kiasi kwamba haina pa kutelezea.

Tunazo 23, kuanzia chini ya pingili ya pili ya shingo hadi mwisho wa kiuno. Ukiikata moja kwa upana utakuta pembeni pete za nyuzi ngumu, 15 hadi 25, zimezungukana kama matabaka ya kitunguu. Nyuzi za pete moja zimelala mshazari upande huu, za pete inayofuata upande ule. Ukijipinda kiunoni, nusu tu ya nyuzi hukaza, nusu nyingine hulegea. Ndiyo sababu kuinua ndoo ya lita 20 huku umejipinda ni kubaya kuliko kuinua ndoo hiyohiyo ukiwa umeielekea.

Katikati ya pete kuna kiini cha ute mzito, ambacho kwa kijana takriban asilimia 80 ni maji. Maji hayashindiliki, kwa hiyo uzito ukishuka kiini husukuma pete kila upande, nazo huubeba.

Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu, ila kidogo ukingoni. Chakula chake hupenya kutoka kwenye mfupa kupitia gegedu, yaani tabaka laini linalofunika mfupa, jembamba lisilofika milimita 1. Mchana uzito hukamua maji, usiku umelala yanarudi, na ndiyo maana asubuhi unakuwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita 1 hivi. Lakini diski iliyojaa maji imekaza: ukiamka, acha kwanza kufua kwa kuinama au kubeba mizigo, angalau kwa saa moja.

Pete zikichakaa na kupasuka, kiini hupenyeza nje, mara nyingi nyuma kwa pembeni, palepale mzizi wa neva unapopita, na kuubana. Diski mbili za mwisho za kiuno ndizo zinazoathirika zaidi. Maumivu hushuka kutoka takoni hadi mguuni. Kushindwa kuinua kidole gumba cha mguu huashiria kuwa uliobanwa ni mzizi wa tano wa neva za kiuno. Kushindwa kusimama kwa ncha za vidole, ule unaofuata. Picha ya eksirei haionyeshi diski yenyewe. Inayoionyesha ni MRI, picha inayopigwa kwa sumaku.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, kwa kuwa mwili hukifyonza kipande kilichotoka. Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Tembea kadiri maumivu yanavyokuruhusu. Na tafadhali, usimpandishe mtoto akukanyage mgongo.

Ukifa ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mkojo ukigoma au haja kubwa ikitoka bila kujua, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.