Waya na breka za mashine ya kuchomelea nyumbani: soma kibao kwanza

Ukinunua mashine ya kuchomelea, kinachokuvutia macho kwanza ni namba 200 iliyochapwa ubavuni kwa maandishi makubwa. Unaifikisha nyumbani Igogo au Mabatini hapa Mwanza, unamwita fundi, na swali la kwanza ni kama breka ya ampea 200 inapatikana mjini. Haihitajiki. Hiyo 200 ni mkondo unaotoka kwenda kwenye rodi, kwa volti 28 hivi. Unaoingia kutoka ukutani kwa volti 230 ni mdogo zaidi, nao umeandikwa kwenye kibao cha nyuma ambacho wengi hawakisomi.

Tafuta I1max na I1eff. Tuseme yako inaonyesha 36 na 23, na pembeni asilimia 40. Maana yake, katika kila dakika 10 inachomelea 4 na kupumzika 6. Ikiwa kazini inavuta ampea 36, lakini joto linaloupata waya ni sawa na la ampea 23 zinazopita bila kukoma.

Hapo ndipo video za Marekani zinapowaponza vijana wetu. Kanuni za kule zinaruhusu laini inayolisha mashine ya kuchomelea peke yake iwe na breka kubwa kuliko uwezo wa waya. Lakini soketi ya gereji ya nyumbani haibaki na kifaa kimoja: leo mashine, kesho kompresa, keshokutwa shemeji kachomeka jiko. Ushauri wetu chuoni ni kwamba breka isizidi uwezo wa waya. Kwa mashine ya mfano wetu, weka waya wa shaba wa milimita 6 za mraba ndani ya paipu, na breka ya 32 aina ya C, ile inayovumilia mkondo mkubwa wa ghafla wakati wa kuwasha. Usiogope kuona 36 imezidi 32. Ziada ndogo kama hiyo breka huivumilia kwa muda mrefu kuliko zile dakika 4. Aina ya B huenda ikaruka kila unapowasha. Soketi ya kawaida ya ampea 13 isahau. Chukua ile ya viwandani ya 32.

Sasa tuje kwenye vilima vyetu. Nyumba nyingi za Mwanza zimepanda miambani, na gereji iko chini kando ya barabara kwa sababu gari haliwezi kupanda. Waya ukitoka kwenye swichi kuu hadi huko, mita 45 si ajabu. Ukitumia mbili nukta tano, waya wa soketi za kawaida, kwa ampea 36 unapoteza volti 29 njiani, na mashine inabaki na 201 hata kama nyumbani umeme ni 230 kamili. Cheche zinafifia, rodi inanata, na fundi analaumu mashine. Kwa waya wa 6 unapoteza karibu 12, kwa wa 10 kama 7. Kwa umbali huo mimi ningelipia wa 10, na breka ningeiacha ile ile ya 32. Kukuza waya si sababu ya kukuza breka.

Dukani, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na hesabu zote hizi hazifanyi kazi.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni ethi, njia ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini. Nondo ya ethi inataka udongo, nasi tuna mwamba. Nimeona iliyopigwa nyundo ikagoma kwenye jiwe, ikakatwa, ikafukiwa kokoto juu. Ethi yenye ukinzani wa omu 100 ikipata hitilafu, inapitisha ampea 2.3 tu. Breka ya 32 haitajua kuna tatizo, huku bodi ya mashine ikiwa na umeme wa kuua. Tafuta mfuko wa udongo kati ya mawe, zika nondo mbili au tatu zilizounganishwa, na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime kwa kipimo cha ethi, si kwa taa ya majaribio. Hata baada ya hapo, laini hiyo iwe na RCD ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja. Ina kitufe kidogo cha kujaribia: kibonyeze mbele ya fundi kabla hujamlipa. Isipokata, hajamaliza kazi.