GPA ya mhandisi wa elektroniki: alama 69 na 70 zinavyotengana

Mzazi akimuuliza mwanafunzi wa chuo "umepata ngapi?", kijana huwa anababaika kidogo. Kidato cha sita jibu lilikuwa jepesi: divisheni wani, pointi tano. Huko, pointi zikiwa chache ndiyo fahari. Chuoni mambo yanapinduka. Kijana anasema kwa majivuno ana "nne nukta moja", mzee anasikia divisheni foo, na simu inakatwa kwa huzuni upande mmoja.

Hiyo "nne nukta moja" ndiyo GPA: wastani wa pointi za masomo yote, ambao kila somo linachangia kulingana na uzito wake. Maana yake inaishia hapo. Kazi ni kufahamu pointi zenyewe zinatoka wapi, na kwa somo la elektroniki safari hiyo ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye karatasi ya matokeo. Nitachukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi wa elektroniki unasomwa kampasi ya Kijitonyama kwa miaka minne.

Kila somo lina alama 100, na kwa kawaida zinagawanywa mafungu mawili. Kosiweki ni 40: testi, kwizi, asaimenti na ripoti za maabara za muhula mzima. Mtihani wa mwisho, ambao kila mtu anauita UE, ni 60. Wageni wengi hudhani 60 ndiyo kila kitu. Lakini piga hesabu. Mwenye kosiweki ya 34 akiitaka 70, anahitaji 36 kati ya 60 kwenye UE, yaani asilimia 60. Mwenye 20 anahitaji 50 kati ya 60, zaidi ya asilimia 83, kwenye pepa ambalo waliokesha wiki mbili wanatoka wakitikisa vichwa. A nyingi za elektroniki hupotea wiki ya sita, siku ya testi ya kwanza, mwenyewe akiwa bado anatafuta madesa, yaani notisi za wenzake, ya kutoa kopi. Vipo pia vyuo vinavyotaka uwe na angalau 16 kati ya 40 ndipo uruhusiwe kuingia chumba cha mtihani.

Sasa twende kwenye namna pepa lenyewe linavyosahihishwa, maana hapa ndipo elektroniki inapotofautiana na masomo ya kuandika insha. Swali la alama 10 linaweza kuwa hivi: transista, kile kifaa chenye miguu mitatu iitwayo beisi, emita na kolekta, imeunganishwa kwenye volti 12, rizista mbili za beisi ni kiloomu 100 juu na kiloomu 20 chini, ya emita ni kiloomu 1.3, ya kolekta kiloomu 4.7. Tafuta volti kati ya kolekta na emita. Ukipuuza mkondo mdogo wa beisi, beisi inapata volti 2. Toa 0.7 ya kiungo cha beisi na emita, emita inabaki na 1.3. Gawa kwa kiloomu 1.3, unapata mkondo wa miliampea 1. Mkondo huo ukipita kwenye kiloomu 4.7 unakula volti 4.7, kolekta inabaki na 7.3. Jibu: 7.3 toa 1.3, volti 6.

Mwalimu hana haja na ile 6 peke yake. Mwongozo wake wa kusahihisha umegawa alama mbili kwa kila hatua: beisi, emita, mkondo, kolekta, na jibu la mwisho. Aliyeandika "volti 6" bila kitu kingine anaondoka na 2, hata kama ameipata kwa akili yake mwenyewe na si kwa kuchungulia kwa jirani. Aliyesahau kutoa 0.7 anapata volti 2 kwenye emita, mkondo unakuwa kama miliampea 1.54, na mwisho anaibuka na volti 2.8 hivi. Jibu limeharibika, lakini msahihishaji mwungwana hufuata kosa lilikoanzia, anakata 2 za hatua ya emita, kisha anaendelea kumpa alama za hatua zilizofuata kwa kuwa njia ilikuwa sahihi. Huyu mwenye jibu bovu anapata 8, na mwenye jibu sahihi lililo uchi anapata 2. Kila mwaka kuna mtu wa mwaka wa kwanza anayeona huu ni uonevu. Mimi naona ni haki tupu: anayesahau 0.7 utamrekebisha kwa dakika moja, asiyeonyesha njia hujui hata umrekebishe wapi.

Ndiyo maana wanafunzi wazoefu hawaachi swali tupu. Wanachora sakiti, wanaandika kanuni, wanaweka namba walizopewa, na muda ukiisha wanaandika kwa maneno ambacho wangefanya. Na vipimo visisahauliwe: kuandika "1" mahali pa "miliampea 1" kunaweza kukukatia nusu alama, na nusu alama tano ni mbili na nusu.

Maabara ina sheria zake. Meza moja, watu wanne, osiloskopu moja, yaani kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo. Mmoja ameshika probu, mmoja anaandika, wawili wanatazama, na ripoti zinaandikwa nne. Hapa watu hupika data. Wanakokotoa jibu la nadharia nyumbani, wanaliandika kama lilivyo kwenye safu ya vipimo, na wanategemea alama zote. Msimamizi aliyekaa maabara miaka miwili anawaona toka mlangoni. Rizista yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kupotoka asilimia 5 juu au chini, na ndani ya sakiti yetu zimo nne. Kipimo cha volti 5.8 kinaaminika. Cha 6.00 kamili kinatia shaka, na vikundi vitatu vikileta 6.00 kamili, mtaitwa. Sehemu yenye alama nono kwenye ripoti ni ile ya majadiliano, ambamo unaeleza kwa nini 6 ya daftari ikawa 5.8 ya mezani. Anayepika data amejinyima kitu cha kujadili.

Alama zote zikishajumlishwa, zinageuzwa herufi. Kuanzia 70 ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, 40 hadi 49 ni C, 35 hadi 39 ni D, na chini ya hapo ni E. A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2, D ina 1, E haina kitu. C ndiyo kufaulu. Katikati ya kila daraja ni tambarare, mpakani ni korongo. Mwenye 60 na mwenye 69 wana pointi 4 sawasawa. Mwenye 70 ana 5.

Tuone korongo hilo linavyouma. Chukua muhula wa masomo matano. Elektroniki ya analogia ina krediti 12 (krediti ndiyo uzito wa somo), umepata 71: A, 12 mara 5 ni 60. Nadharia ya sakiti, krediti 12, umepata 69: B+, 48. Hisabati, krediti 12, alama 52: B, 36. Programu za kompyuta, krediti 8, alama 64: B+, 32. Stadi za mawasiliano, krediti 8, alama 78: A, 40. Jumla ni pointi 216 kwa krediti 52. Gawanya: 4.15. Sasa ile 69 ingekuwa 70, pointi zingekuwa 228 na GPA 4.38. Alama moja imekuongezea 0.23. Wakati huohuo ungeweza kuipandisha hisabati kutoka 52 hadi 59, alama saba za jasho, na GPA isitikisike hata kidogo. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mfumo huu, na sioni sababu ya kuuficha.

Krediti nazo si pambo. Zinapima saa za kazi zinazotarajiwa, mihadhara, maabara na kujisomea vikijumlishwa. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu krediti moja ni saa 10. A ya somo la krediti 8 haifuti C ya somo la krediti 12, ingawa mtaani zote zinahesabiwa "A moja, C moja".

GPA za mihula yote zikikusanywa ndipo daraja la shahada linapotoka. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza. Kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni kupasi tu.

Aliyekosa 40 anakula sapu, mtihani wa marudio unaofanywa kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Hata ukiupiga ukapata 90, unaandikiwa C. Ukishindwa na hapo, unabeba kari: somo linakufuata mwaka ujao, ratiba zinagongana, na unajikuta umekaa na wadogo zako darasani. Somo la sakiti likiwa kari, masomo yaliyojengwa juu yake yanayumba yote. Masomo yakianguka mengi na GPA ikizama chini ya kiwango, mtu anadisko, yaani masomo yake yanasitishwa. Neno lenyewe linachekesha. Barua yake haichekeshi.

Ukivuka mpaka, herufi zilezile zinabadilika maana. Makerere A inaanzia 80, kwa hiyo 71 yetu ya analogia kule ni B. Vyuo vingi vya Kenya vinatoa alama 30 kwa kosiweki, ambayo wao wanaiita CAT, na 70 kwa mtihani, halafu daraja la shahada linatokana na wastani wa alama zenyewe: 70 kwenda juu ni daraja la kwanza. Kule korongo la 69 na 70 lipo mwisho tu, si kwenye kila somo. Kwa hiyo anayelinganisha vyeti vya nchi mbili kwa kutazama herufi peke yake anajidanganya.

Vimebaki viwili. Mafunzo kwa vitendo, PT, ni wiki nane wakati wa likizo ndefu, kwenye kampuni au taasisi. Unapimwa kwa daftari la kazi za kila siku, maoni ya msimamizi wa huko na ripoti yako. Hapa sina mengi ya kusema, ila usiandike daftari zima usiku wa mwisho kwa kalamu moja, linajulikana.

Kingine ni mradi wa mwaka wa nne. Unapendekeza, unabuni, unaunda, unaandika ripoti, kisha unasimama mbele ya jopo. Kifaa kilichowaka usiku kucha bwenini kinaweza kukataa kuwaka asubuhi hiyo kwa sababu waya mmoja wa bodi ya majaribio umechomoka kwenye daladala. Hilo halimfelishi mtu. Jopo linaweza kuunyooshea kidole mchoro wako na kuuliza: hesabu ilikupa kiloomu 5, mbona umeweka 4.7? Aliyekopi sakiti anaangalia chini. Aliyeijenga anajibu kwamba rizista za kawaida hazitengenezwi za kiloomu 5, ya karibu aliyoikuta Kariakoo ni 4.7, na tofauti yake kwenye volti ya kolekta ameiweka ukurasa wa 31.