Kashata nene si tairi zima

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliingia kwangu na Subaru Impreza STI ya mwaka 2008, nyeupe, imeoshwa mpaka inang'aa. "Fundi, nipigie alaimenti, gari inaogelea." Nikaipandisha kwenye mashine. Alaimenti, yaani mnyoosho wa magurudumu, ilikuwa sawa kabisa. Nikainama, nikabonyeza kashata ya tairi la mbele, yale matofali ya mpira yanayokanyaga barabara, kwa kidole gumba, ikalala upande. Kila kashata ilikuwa imechanjwa michirizi myembamba ya kupindapinda, kama imepitishwa wembe, na ubavuni pameandikwa STUDLESS. Alikuwa amenunua matairi ya theluji, tena mtumba, akayafunga kwenye gari lenye nguvu ya farasi zaidi ya 300 linalotembea Dar es Salaam.

Nikamuuliza aliyachaguaje. "Kaka, si unaona kashata? Zote zimejaa. Halafu ni za Japani."

Neno hilo nimelisikia kwa wenye Impreza, wenye Mark X, wenye Altezza, hata kwa mafundi wenzangu ambao wanapaswa kujua. Kashata zimejaa, basi tairi zima. Wiki hii nimechoka kulijibu kwa mdomo, mtu mmoja mmoja, huku mashine ya kufungulia rimu ikinguruma. Naliandika hapa.

Kashata kazi yake ni kutoa maji chini ya tairi. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa kwenye lami. Barabara ikiwa kavu, kinachoshika ni mpira wenyewe, na ndiyo maana matairi ya mashindano ya lami kavu hayana kashata hata moja. Ukiniletea tairi lenye kashata za milimita 7 na mpira umekufa, umeniletea mifereji mizuri iliyochimbwa kwenye kitu kisichoshika. Lami kavu gari litateleza, na mvua ya masika ikinyesha litateleza zaidi.

Sasa turudi kwenye haya ya theluji, kwa sababu yamejaa mjini na watu hawayatambui. Japani wenye magari sehemu za baridi hufunga seti mbili kwa mwaka: moja ya kiangazi, moja ya msimu wa barafu. Ya barafu hutengenezwa kwa mpira ambao haugandi kukiwa na baridi kali. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Huu wa theluji hapo ndipo unapoanza kazi. Ile michirizi ya wembe iko pale ili kashata ifunguke na kung'ata barafu. Kwa kazi hiyo ni tairi zuri sana, na aliyelibuni alijua anachofanya. Lilete Barabara ya Bagamoyo saa nane mchana, lami inaunguza nyayo, na ule mpira unakuwa kama ubani uliotafunwa. Unakata kona, rimu inageuka, kashata zinabaki nyuma kidogo, kisha zinafuata. Huko ndiko "kuogelea" alikokuwa anakusema kijana. Ukikanyaga breki ghafla, umbali wa kusimama unaongezeka, maana kashata zinajikunja badala ya kushika.

Kuyatambua si kazi. Tafuta neno STUDLESS ubavuni, au picha ya mlima wenye vilele vitatu na alama ya theluji katikati. Ukikuta jina Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, hilo ni la theluji. Tazama pia herufi ya mwendo mwishoni mwa saizi: mengi ya haya ya Japani yana Q, maana yake yamepimwa kwa kilomita 160 kwa saa. Saizi ya STI hii ya 2008 ni 245/40R18, yaani upana milimita 245, ubavu asilimia 40 ya upana huo, rimu ya inchi 18, na tairi la kiwanda lilikuja na 93W. Hiyo 93 ni uzito wa kilo 650 kwa tairi moja, na W ni kilomita 270 kwa saa. Utaniambia, "Kaka, mimi sifiki 160." Sawa. Lakini herufi ile inaeleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto, na joto ndilo linaloua matairi hapa kwetu.

Tuje kwenye umri. Kwenye namba ndefu ya ubavuni, mara nyingi ndani ya kiduara kama yai, kuna tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huioni upande wa nje? Ingia chini ya gari utazame ndani. Mara nyingi imeandikwa upande mmoja tu. Muuzaji akikwambia haisomeki, acha hilo tairi hapo hapo.

Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa. Hewa inaula, joto linaharakisha, jua linamalizia. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tairi lina nta ndani yake inayolilinda na nyufa, na nta hiyo hupanda juu tairi linapozunguka na kujikunja. Lililokaa stoo miaka bila kuzunguka halipati hiyo kinga sawasawa. Ndiyo maana tairi lililotembea kidogo sana, lile ambalo muuzaji analisifu kwamba "halijatumika", linaweza kuwa bovu kuliko lililokula kilomita elfu ishirini. Kashata zote zipo, ukilikunja ubavu unaona nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja. Kwenye gari la kwenda sokoni utapata muda wa kulibadilisha. Kwenye gari linalofika 100 kabla hujamaliza sentensi, sitakufungia.

Na hapa niseme ukweli ambao vitabu huupita haraka. Mpaka wa umri si mstari uliochorwa kwa wino. Watengenezaji wengi husema likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5, na likifika 10 litupwe hata kama linapendeza. Kati ya hapo ni jicho, kidole na dhamira ya fundi. Nimewahi kulikata tairi la miaka 8 nikakuta nyaya zake za ndani safi kabisa, na nimewahi kulikata la miaka 5 lililokuwa limeanza kuachana tabaka kwa tabaka huku nje linang'aa. Kipimo cha kucha tunachokitumia sote, unabonyeza unaona kama kucha inazama, kinanisaidia kulikataa tairi lakini hakinipi haki ya kulisifu. Kwa gari la michezo mimi nasimama kwenye miaka 6. Fundi mwingine atakwambia namba nyingine, na sitagombana naye.

Swali linalofuata kila mara ni hili: Mchina mpya au Mjapani wa mtumba? Kwa miaka mingi nilikuwa najibu Mjapani bila kufikiri. Nimebadilika. Tairi jipya la bei ya kati, lenye tarehe ya karibuni na herufi sahihi, nalichagua kuliko tairi la jina kubwa lenye miaka 8. Jina kubwa lilikuwa ndani ya ule mpira, na mpira ule umeshaondoka. Lakini sitasema kwamba yote mapya yanalingana. Yapo ya bei ya chini ambayo kwenye lami iliyolowa hunitia hofu yakiwa na siku mbili tu. Tazama herufi ya TRACTION ubavuni kama ipo: AA ndiyo ya juu, kisha A, B, C. Hiyo imepimwa kwenye lami na saruji zilizolowa. Namba ya TREADWEAR isikudanganye ukilinganisha kampuni na kampuni, kwa sababu kila mtengenezaji hujipimia mwenyewe. Ndani ya kampuni moja inasaidia: 200 itashika sana na itaisha upesi, 400 itadumu.

Upana nitaupita haraka. Tairi pana zaidi ya rimu yako halikupi kushika zaidi, linakupa ubavu uliovimba na usukani mzito. Kwenye maji tairi pana huelea mapema kuliko jembamba. Baki kwenye saizi ya kibandiko cha mlangoni. Nimemaliza.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Watu hawa hawa wanaoabudu kashata, mahali pekee ambapo urefu wa kashata ungewaokoa, hawautazami. Impreza za STI na WRX zinasukuma miguu yote minne. Mtu anakuja, "Fundi, za mbele zimekwisha, nitafutie mbili, za nyuma bado." Kwenye Altezza, inayosukuma nyuma tu, ningekubali, na mapya ningeyaweka nyuma ili mkia usikukimbie kwenye maji. Kwenye Impreza hizi sikubali.

Chukua kalamu. Tairi la 245/40R18 likiwa jipya, mzunguko wake ni takribani milimita 2,052. Likiisha milimita 5 za kashata, mzunguko unapungua milimita 31 hivi. Jipya linazunguka mara 487 kwa kilomita, lililoisha mara 495. Ukitoka Dar mpaka Morogoro, kilomita zisizopungua 190, ekseli moja imezunguka zaidi ya mara 1,400 kuliko mwenzake, na gari halijakata hata kona moja kali. Tofauti hiyo yote inabebwa na senta difu, ile difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kwenye WRX za giaboksi ya mkono mle ndani kuna sahani zilizozamishwa kwenye mafuta ya silikoni. Zimetengenezwa kuhimili tofauti ya muda mfupi, unapokata kona au gurudumu moja linapoteleza. Zikisuguana safari nzima, mafuta yanachemka, zinashikana, na siku moja unakata kona ya kuegesha gari linagoma kama limefungwa kamba. Nimeiona mara nyingi kuliko ninavyopenda. Bei ya matairi mawili aliyookoa mteja haifikii hata nusu ya giaboksi.

Kwa hiyo manne, saizi moja, aina moja, na kashata zisizopishana zaidi ya milimita moja au moja na nusu. Tairi moja likipasuka na mengine matatu yameshaenda nusu, tafuta moja lililoisha kiasi kile kile. Hapo mtumba unaruhusiwa kwangu, na nitaupima kwa geji mbele yako. Na zungusha mbele na nyuma kila kilomita elfu nane hivi ili yaishe pamoja.

Mwenye rimu za 18 anayelalamika mashimo ya barabarani, ipo njia. 245/45R17 ina kimo karibu sawa kabisa na 245/40R18, tofauti haifiki milimita moja, na ubavu wake una milimita 110 badala ya 98. Rimu zinapona, kiti kinatulia. Lakini si kila rimu ya 17 inapita juu ya breki za Brembo za STI. Jaribu rimu tupu kwanza, izungushe kwa mkono, ndipo ununue tairi.

Upepo: kibandiko cha mlangoni kimeandikwa kPa, na 230 kPa ni kama psi 33. Pima asubuhi kabla hujatembea.

Yule kijana tulikaa naye kwenye benchi. Bajeti yake haikutosha manne mapya ya jina alilolitaka, tukashuka ngazi moja, tukapata manne ya kiangazi ya 245/40R18, W, traction A, yametengenezwa mwaka huu. Nikamwambia aende taratibu kilomita 200 za kwanza, utando wa kiwandani utoke. Alirudi Jumatatu, si kwa tatizo, alikuja kuniambia usukani umetulia.

Yale ya theluji aliniomba nimtafutie mteja. Niliyaegemeza ukutani nikiwa sijaamua. Jana asubuhi mtu mwenye gari la Noah alisimama, akashuka, akapitisha kiganja juu ya kashata, akauliza bei. Nimeyatoboa ubavuni yote manne.