Taa Kali za Usiku: Madereva Wanayoyaamini na Mambo Yalivyo

Waulize madereva wa usiku ni kitu gani kinawasumbua zaidi, na wengi watataja taa za gari linalokuja mbele yao. Mwanzoni mwa 2024 shirika la RAC la Uingereza, linalohudumia wenye magari, lilitangaza kwamba karibu 9 kati ya 10 ya madereva waliohojiwa wanaona angalau baadhi ya taa za siku hizi ni kali kupita kiasi. Malalamiko hayo ni ya haki. Ila sababu ambazo watu huzitaja mara nyingi sizo, na ndiyo maana dawa wanazonunua haziwasaidii.

“Aliyenitia kiwi amewasha fulu”

Mara nyingine ni kweli amewasha fulu, yaani taa za juu. Lakini mara nyingi tu, dereva huyo yuko kwenye taa za chini na wala hajui kama kuna anayeumia.

Taa za chini huwa na mpaka: chini ya mstari fulani kuna mwanga, juu yake kunapaswa kuwa karibu giza. Katika kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya na kwingineko, taa za gari dogo kwa kawaida huinamishwa kwa asilimia 1 hadi 1.5. Asilimia 1 maana yake kila mita 10 kwenda mbele, mstari huo unashuka sentimita 10. Ni mwinamo mdogo mno, kidogo zaidi ya nusu digrii, na ndipo matatizo yanapoanzia. Taa ikipanda digrii moja tu kuliko inavyotakiwa, umbali wa mita 50 mstari wake utakuwa umepanda kwa karibu sentimita 87, yaani karibu kabisa na macho ya dereva aliyeketi kwenye gari la chini. Taa ni ileile na globu ni ileile, lakini sasa inapofusha.

Digrii moja haihitaji ajali kubwa. Mizigo mizito kwenye buti huinua pua ya gari. Abiria watatu kiti cha nyuma pia huinua. Springi zilizochoka, globu iliyorudishwa vibaya baada ya kubadilishwa, bampa lililogongwa kidogo likanyooshwa bila mtu kukumbuka taa, vyote vinatosha. Magari mengi yenye taa za halojeni, zile za globu yenye waya unaowaka, yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba, aghalabu 0 hadi 3, ambacho hushusha taa gari linapobeba mzigo. Namba ikiongezeka, taa zinashuka. Madereva wengi hawajawahi kukigusa, na wengine wanadhani ni cha kurekebisha mwanga wa dashibodi.

Namna rahisi ya kujipima ni hii: simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, uwashe taa za chini. Mpaka wa juu wa mwanga ukutani unapaswa kuwa sentimita 10 au zaidi kidogo chini ya kimo cha taa zenyewe. Ukiwa sawa na taa au juu yake, gari lipelekwe kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia taa. Ukuta ni wa kukuonyesha kosa tu, marekebisho yanataka kifaa.

Kuna jambo jingine ambalo dereva hana la kulifanya. Kanuni hizo za Umoja wa Mataifa huruhusu taa za chini zifungwe popote kati ya sentimita 50 na 120 kutoka ardhini. Gari refu lenye taa karibu na kimo cha macho yako linaweza kukutia kiwi huku likiwa halijavunja sheria yoyote. Hapa lawama naipeleka kwa wanaoandika kanuni. Magari marefu yameongezeka mno, na mipaka iliyowekwa enzi ya magari mafupi inahitaji kuangaliwa upya.

“Shida ni weupe wa taa; zingerudi kuwa za njano tungeona vizuri”

Mambo mawili huchanganywa hapa, na si ajabu, kwa kuwa huja pamoja. La kwanza ni kero, ule mwanga unaokufanya ukunje uso na kutamani kugeuka. La pili ni kutoona kwenyewe. Mwanga mkali ukiingia jichoni hutawanyika humo ndani na kutanda kama ukungu juu ya kila unachojaribu kukitazama, na mtu aliyevaa nguo nyeusi kando ya barabara hupotea humo. Vipimo vilivyoanza kufanywa tangu miaka ya 1920 vilionyesha kwamba ukungu huo unategemea mwanga mwingi kiasi gani umefika jichoni, na taa iko karibu kiasi gani na pale unapotazama. Pembe kati ya taa na unapotazama ikipungua nusu, ukungu huongezeka takriban mara 4. Rangi haina uzito mkubwa.

Kwenye kero, rangi ina uzito. Kwa kiasi kilekile cha mwanga, ule unaoelekea bluu huwakera watu zaidi. Halojeni ina joto la rangi (kipimo ambacho namba ikipanda, mwanga huelekea bluu) la kama kelvini 3,200, wakati LED nyingi za magari, taa zinazotoa mwanga kwa vipande vidogo vya kielektroniki badala ya waya, ziko 5,000 na kuendelea. Tena LED hutoa mwanga wake kwenye eneo dogo sana, na kitu kidogo king'aacho sana husumbua jicho kuliko kikubwa chenye mwanga uleule. Kwa hiyo wanaosema taa mpya zinawachosha hawasemi uongo. Ufaransa ililazimisha taa za njano tangu miaka ya 1930 mpaka 1993, na zilipoachwa haikuwa kwamba barabara za huko zilikuwa hazina kiwi wakati wote huo.

Imani hiyo ina upande wake wa pili, unaowagharimu watu fedha: kwamba globu ya halojeni yenye rangi ya bluu inamulika zaidi. Rangi ile hupakwa juu ya kioo cha globu, na kazi yake ni kuzuia sehemu ya mwanga usitoke. Unanunua weupe na kulipa kwa mwanga.

“Nimeweka LED, sasa naona mbali”

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu anayelifanya hana nia mbaya. Taa zake zilikuwa hafifu, akashauriwa atoe halojeni aingize globu ya LED kwenye tundu lilelile.

Taa ya halojeni imepigiwa hesabu kuzunguka waya mdogo wa milimita chache ndani ya globu. Bakuli linaloakisi mwanga, au lenzi iliyo mbele yake, linategemea waya huo uwe mahali pake hasa na utoe mwanga pande zote. Globu nyingi za LED hubandika vipande vyake vya mwanga kwenye pande mbili za ubao mwembamba. Mwanga huanzia mahali ambapo bakuli halikuutarajia, na ule mpaka tuliouzungumzia juu unavurugika. Mwanga mwingine unamwagika juu, machoni pa watu, na mwingine unajaa hapo karibu na bampa.

Huo wa karibu na bampa ndio unaodanganya. Dereva anaona lami mbele yake imekuwa nyeupe, anafurahi. Lakini jicho hujirekebisha kufuata kile kinachong'aa zaidi: mboni inabana, na vilivyo mbali, ambako hatari hutokea, vinaonekana vibaya kuliko mwanzo. Namba kubwa ya lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga, kwenye boksi haisemi chochote kuhusu mwanga umekwenda wapi. Globu ya kawaida ya halojeni aina ya H7 hutoa lumeni kama 1,500, na katika taa iliyoundwa kwa ajili yake zinatosha.

LED yenyewe haina kosa. Gari lililotoka kiwandani nazo limeundiwa taa nzima kwa ajili hiyo. Ujerumani huruhusu globu fulani tu za LED kuwekwa badala ya halojeni, tena kwa aina za magari ambazo zimejaribiwa nazo. Huo ndio utaratibu ninaoukubali.

Kabla ya kubadilisha globu, tazama plastiki ya nje ya taa. Ikiwa imekuwa na ukungu au umanjano, ndiyo inayokula mwanga. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2018 kikakuta taa zilizochakaa hivyo zinaweza kutoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya.

“Miwani ya njano inakata mwanga”

Inakata, ila inakata wote, pamoja na ule hafifu uliokuwa unakuonyesha mtembea kwa miguu. Watafiti wa Schepens, taasisi ya utafiti wa macho huko Boston, Marekani, walijaribu miwani hiyo kwenye mtambo wa kuigiza udereva, taa za gari jingine zikiwaelekea wahusika, na matokeo yakachapishwa 2019 katika jarida la JAMA Ophthalmology. Miwani ya njano haikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu, na ilielekea kupunguza kidogo uwezo huo. Kinachosaidia kweli ni kusafisha kioo cha mbele kwa ndani, maana utando wa mafuta uliopo hapo hutawanya kila mwanga unaoingia.

“Na mimi nawasha fulu ajifunze”

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Ukimtia kiwi mwenzako, kwa sekunde hizo unaelekeana na dereva asiyeona. Punguza mwendo, elekeza macho kwenye ukingo wa barabara ulio mbali na taa zake. Pembe ile inapanuka na ukungu unapungua.

“Macho yangu yameharibiwa na taa hizi”

Kiwi cha barabarani hupita, hakiachi jeraha. Hata hivyo, kama taa zinakusumbua kuliko zamani, nenda ukapimwe macho. Mtoto wa jicho mara nyingi hujitangaza kwa njia hiyo kabla mtu hajaanza kushindwa kusoma. Umri nao una sehemu yake: retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ya mtu wa miaka 60 hupata kama theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa 20, na kurudi katika hali ya kawaida baada ya kiwi humchukua muda mrefu zaidi.

“Dawa ni kupunguza ukali wa taa zote”

Hapana. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharimiwa na kampuni za bima, imekuwa ikipima taa za magari mapya tangu 2016, na huzikata alama zinazotia kiwi. Mwaka 2021 ilieleza kwamba magari yaliyopata daraja la juu yalikuwa na ajali za usiku za gari moja pungufu kwa asilimia 19 kuliko ya daraja la chini kabisa, na ajali za kugonga watembea kwa miguu pungufu kwa asilimia 23. Taa nzuri zinaokoa watu, mradi mwanga ubaki pale unapotakiwa.

Teknolojia ya kufanya hivyo ipo. Kamera hutambua gari linalokuja, kisha taa huzima sehemu ndogo tu ya mwanga wa fulu inayolielekea na kuacha nyingine ikiwaka. Ulaya waliitumia kwa miaka mingi kabla Marekani haijairuhusu Februari 2022. Mingi ya mifumo hiyo, hata hivyo, hutafuta taa za magari mengine. Anayetembea kando ya barabara hana taa, hivyo kwake bado dereva anatakiwa ashushe fulu kwa mkono wake mwenyewe.