Yasiyo ya kuvumilia na yasiyo ya kuogopa: dhana potofu kuhusu mwili wa mwanamke

Binti akilia kwa maumivu ya hedhi huambiwa avumilie, ndio ukubwa huo. Binti huyohuyo akiona ute kwenye chupi huambiwa ana uchafu, ajisafishe vizuri. Mashauri yote mawili hutoka kwa watu wanaompenda, na yote mawili yanaweza kumdhuru. Ndivyo zilivyo dhana nyingi kuhusu afya ya mwanamke: kilicho kizima huonekana ugonjwa, na ugonjwa huzoewa.

Tuanze na maumivu, maana hapo ndipo wengi huumia zaidi. Dhana inasema hedhi lazima iume, na ukishazaa yatakwisha. Ni kweli kwamba kubanwa tumbo siku ya kwanza au ya pili huwapata wengi. Mfuko wa uzazi hujikaza ili kusukuma nje utando wake, na kinachoukaza ni kemikali ziitwazo prostaglandini. Dawa kama ibuprofeni hupunguza kemikali hizo, ndiyo maana husaidia zaidi ikimezwa maumivu yanapoanza kuliko kungoja mpaka mtu ajikunje kitandani. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo amuulize mfamasia kwanza.

Lakini maumivu yanayomtoa mtu shuleni au kazini kila mwezi, yasiyosikia dawa, au yanayomchoma wakati wa tendo la ndoa au anapokwenda haja kubwa, hayo si ya kuvumilia. Huenda ni endometriosisi. Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake: kwenye ovari, kwenye mirija, hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unampata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, yaani kama milioni 190. Wengi hukaa nao miaka kabla haujatambuliwa, kwa sababu kila walipolalamika waliambiwa ni kawaida. Kuzaa hakuuponyi. Na altrasaundi ya kawaida inaweza isiuone kabisa, kwa hiyo majibu yakisema hakuna kitu, mgonjwa asichukuliwe kuwa anajisingizia. Aombe kuonwa na daktari wa magonjwa ya wanawake.

Wingi wa damu nao una dhana yake: "Ni damu chafu, acha itoke." Damu ya hedhi haina uchafu wowote. Ni damu ya kawaida iliyochanganyika na utando uliobomoka. Shida ni kwamba hakuna anayeiona hedhi ya mwenzake, basi mtu anaweza kutokwa na damu nyingi mno miaka 15 akidhani wote wako hivyo. Vipimo vya kujilinganisha navyo vipo. Pedi ikijaa kila baada ya saa moja au mbili, kwa saa kadhaa mfululizo, ni nyingi. Mabonge makubwa kuliko sarafu, kuamka usiku kubadilisha, au kutoka damu zaidi ya siku 7, ni dalili ya kwenda kuonwa. Chanzo kinaweza kuwa uvimbe wa faibroidi, homoni zilizovurugika, au hata tatizo la kuganda kwa damu ambalo mtu alizaliwa nalo. Karibu yote yana matibabu, na mengi hayahitaji kisu.

Damu hiyo hupotea na madini ya chuma. Mwanamke anachoka asubuhi kabla hajafanya lolote, moyo unamdunda akipanda ngazi, anatamani kutafuna udongo au barafu, na watu wanasema ni mvivu au ana mimba. Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwanamke alijue: kipimo cha wingi wa damu kinaweza kuonyesha yuko sawa huku akiba yake ya chuma imekwisha. Akiba hupimwa kwa kipimo kingine, feritini. Kiombe kwa jina.

Sasa huo ute. Uke hujisafisha wenyewe. Ndani yake wamo bakteria wazuri, laktobasili, wanaotengeneza asidi inayozuia wadudu wa maradhi, kama walinzi wa zamu. Sabuni, dawa za kunukia, limau au mvuke ukeni huwafukuza walinzi hao, na kinachofuata mara nyingi ndicho alichokuwa akikikimbia: harufu na muwasho. Maji ya kawaida nje yanatosha, ndani pasiguswe. Ute mweupe au usio na rangi ni wa afya, na siku za kupevuka kwa yai huwa wa kuteleza na kuvutika. Cha kupeleka kituo cha afya ni ute wa kijani au wa kijivu, wenye harufu ya samaki, ulioganda kama maziwa mtindi na kuwasha, au ulioambatana na maumivu ya chini ya kitovu.

Njia za uzazi wa mpango zimesingiziwa mengi, kubwa likiwa kwamba zinaharibu kizazi. Haziharibu. Kitanzi au kijiti kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo huchelewesha kidogo, na mtu anaweza kusubiri miezi kadhaa, wakati mwingine hata mwaka, lakini hurudi. Nao wanaohofia kwamba hedhi ikikosekana damu inajaa tumboni watulie: homoni hufanya utando ubaki mwembamba, basi hakuna cha kujaa. Pia mimba isipopatikana, wapimwe wote wawili. Mwanamume huchangia katika takriban nusu ya visa, na inauma kuona mke akizungushwa hospitali miaka mitatu mume hajapimwa hata mara moja.

"Sina dalili, sina haja ya kupima shingo ya kizazi." Saratani ya shingo ya kizazi karibu yote husababishwa na virusi vya HPV, na mabadiliko ya mwanzo hayaumi wala hayatoi damu. Huchukua miaka mingi kugeuka saratani, na huo ndio muda wa kuyakamata. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na VVU wakiwa na 25. Nayo chanjo ya kukinga virusi hivyo, inayohofiwa kwamba inamfanya binti asizae, haigusi uzazi wake kwa namna yoyote.

Mwisho, kuna mama aliyekoma hedhi, ambaye siku moja anaona tone la damu na kufikiri hedhi imerudi, ujana umemkumbuka. Ikishapita miezi 12 bila hedhi, hedhi hairudi. Mara nyingi chanzo huwa ni kitu kidogo, kama ngozi ya uke iliyokauka na kuwa nyembamba, lakini saratani ya mfuko wa uzazi nayo hujitangaza kwa damu hiyohiyo, mara nyingi ikiwa bado inatibika. Hata likiwa tone moja, hata lisipouma, aende kupimwa wiki hiyohiyo.