Wali wa Alfajiri kwa Sherehe ya Mahafali

Kila msimu wa mahafali ya kidato cha sita, wazazi huniagiza wali upikwe alfajiri na kutiwa kwenye hotpoti, ili familia nzima iende shuleni bila wasiwasi. Nikikataa, jibu huwa lilelile: "Si utapashwa moto?" Nimepika shughuli za majumbani Dar es Salaam kwa miaka mingi, na swali hilo sasa linanichosha kuliko moshi wa kuni.

Kupasha moto hakuokoi wali uliokaa vibaya. Mchele huweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hustahimili kuchemka. Wali unapopoa polepole, hasa katikati ya sufuria kubwa iliyofunikwa, mbegu hizo huamka, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha isiyoharibika hata kwa joto la nyuzi 121. Jiko lako litaua bakteria na kuiacha sumu palepale, wala pua haitakusaidia kuitambua. Mgeni huanza kutapika kati ya saa 1 na 6 baada ya kula.

Hotpoti nayo hutunza joto tu, haiongezi, na kila shangazi anapoifunua ili aonje kidogo, joto linashuka. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60. Kikishuka hapo kisikae zaidi ya muda wa saa 2, na hewa ikizidi nyuzi 32, kama ilivyo kawaida kwetu, kisikae zaidi ya muda wa saa 1. Sasa hesabu siku yenyewe: wali umeiva saa 12 asubuhi, mgeni rasmi amechelewa, zimefuata hotuba, vyeti, picha na foleni ya barabarani, na watu wanaketi chini ya turubai saa 10 jioni. Ndiyo maana humwacha mpishi mmoja nyumbani, mchuzi ukiwa jikoni, naye huinjika wali anapopigiwa simu kwamba msafara umeanza kurudi. Kipimajoto hakikosi mfukoni mwangu, na naomba nisiambiwe kwamba kidole kinatosha.

Wageni wakiugua, lawama huangukia mayonesi ya saladi, ilhali ile ya dukani ina siki inayozuia bakteria kuzaana, na mara nyingi kosa huwa kwenye viazi vilivyokatwa kwa kisu cha kuku mbichi.

Wapo pia wanaoamini kwamba walioalikwa 60 watakuja 60. Majirani hawahitaji kadi. Mimi hupika wali wa watu 75, kilo 1 ya mchele kwa watu 8.

Tena hakuna aliyeamuru sherehe ya nyumbani iwe siku ileile ya mahafali, ambayo shule nyingi huyafanya kabla ya mtihani wa taifa wa Mei. Wachache waliokubali kungoja hadi mtihani uishe walikuwa nyumbani tangu asubuhi, wakala saa 7 mchana wali ulioiva saa 6 na nusu.