Mto Msimbazi: igizo litangulie ramani

Kwenye miradi ya kuokoa mto, mimi mtu wa maigizo mara nyingi naitwa mambo yakiwa yameshaiva. Wahandisi wameshapanga mto upanuliwe wapi na miti ipandwe wapi, fedha zimebaki kidogo, ndipo kinatafutwa kikundi cha sanaa "kihamasishe jamii". Ngoma mbili, ngonjera moja, fulana. Kazi ya namna hiyo nikiweza huikataa.

Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unakatiza Dar es Salaam na kuingia baharini kwenye daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yalifanya familia nyingi za bondeni zihamishiwe Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Waliobaki wanaujua mto vizuri sana, ila wanayoyajua mengine hayasemeki mkutanoni. Nani atasimama mbele ya mwenyekiti wa mtaa akiri kwamba mvua kubwa ikianza ndipo anatapisha choo, maji yabebe?

Kwenye igizo atasema, maana anayesema ni mhusika. Tunacheza kisa kifupi kinachoishia pabaya, kisha tunakirudia. Mtazamaji yeyote akipiga makofi tunasimama, anaingia yeye kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Mbinu ni ya mwanatamthilia wa Brazil, Augusto Boal, lakini haikutukuta mikono mitupu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwandishi wa tamthilia Penina Mlama na wenzake walikuwa Malya, mkoani Mwanza, wakitunga maigizo na wanakijiji kutokana na shida zao wenyewe.

Mama akiingia kucheza mwenye choo, hahubiri usafi. Anaonyesha gari la kunyonya majitaka linavyokwama mbali na uchochoro wake, na anavyohesabu hela isitoshe. Hapo unajua kwamba kwa mtaa ule kuuokoa mto kunaanza na choo, miti baadaye.

Michoro ya ukutani naiendea taratibu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na bondeni watu wameizoea rangi kwa alama ya X nyekundu ya bomoabomoa. Ukitokea na ndoo ya rangi bila maelezo, utafungiwa milango. Heri chaki: wenyeji wachore chini maji yalifika wapi, yalipitia wapi, nani alimbeba bibi wa jirani.

Sharti langu moja tu: mhandisi awepo, na acheze. Yeye awe mpangaji wa chumba bondeni aliyeambiwa ahame kabla ya masika, na mpangaji wa kweli ashike ramani.